Naomba ushauri: watoto wawili waliovuka mpaka wa Bunagana wako nyumbani kwangu

MkulimaKisoro: Ndugu zangu, hamjambo. Mimi hulima viazi hapa Kisoro, na mume wangu huendesha bodaboda hadi mpakani. Wiki sita zilizopita, watu walipokuwa wakikimbia mapigano upande wa Kongo, aliwakuta wasichana wawili, wa miaka tisa na minne hivi, wamekaa ukutani mwa duka bila mtu mzima, akawaleta nyumbani. Mdogo ameanza kuniita mama. Shule inadai karatasi za mkubwa. Je, ninaweza kumwandikisha kwa jina la mume wangu?

MwalimuMbarara: Dada, hakuna haja ya jina la mumeo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawa na mtoto wa Uganda. Mzazi anayemwacha mtoto nyumbani kwa sababu ya karatasi anamkosea.

MtuWaGulu: Nimekumbuka mwaka 2003. Kila jioni tulitembea na mikeka hadi mjini, tukalala kwenye baraza za maduka ili waasi wa Kony wasituteke vijijini. Kuna mama aliyetuachia jiko lake tulale, na hakutuuliza karatasi. Mungu akubariki.

ZamaniKyangwali: Nimefanya kazi na watoto wakimbizi, kwa hiyo niwie radhi nikiuliza. Je, uliwapeleka kituo cha kupokelea wakimbizi cha Nyakabande waandikishwe? Na mkubwa anasema mama yao yuko wapi?

MkulimaKisoro: Sikuwapeleka. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisitisha chakula kwa wakimbizi wapatao milioni moja hapa Uganda. Ningewapelekaje wakalale njaa wakati mimi nina shamba? Mkubwa anasema walipotezana na mama yao njiani, usiku.

ZamaniKyangwali: Kuandikishwa si lazima kuhamishwa. Kwanza jamaa hutafutwa, na Msalaba Mwekundu una watu wa kazi hiyo. Wakikosekana, familia iliyo tayari inaweza kukabidhiwa watoto chini ya uangalizi. Mama yangu, hawakuja na kitu chochote, hata karatasi?

MkulimaKisoro: Kulikuwa na namba ya simu ya Kongo, imeandikwa kwa kalamu ndani ya pindo la gauni la mkubwa. Sijaipiga. Nitajuaje kwamba atakayepokea si mtu mwenye bunduki? Na akiwa ni mama yao, atawaita warudi kwenye risasi. Nimekaa miaka kumi na moja katika ndoa bila mtoto, msinifikirie vibaya.

MsomajiKabale: Nina shaka na uzi huu. Watoto wawili wageni wanakaaje wiki sita kijijini bila mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kuuliza? Nimeona visa vya kubuniwa vya namna hii, na mwishoni huja ombi la pesa.

MkulimaKisoro: Sihitaji pesa ya mtu. Mwenyekiti aliuliza siku ya tatu, nami nikamwambia ni watoto wa dada yangu.

MtuWaGulu: Basi namuamini, kwa kuwa anayebuni kisa hajitii hatiani hivyo. Lakini dada, sisi asubuhi tulirudi kwa mama zetu, na yule mwenye jiko alitufungulia mlango twende.

ZamaniKyangwali: Usiipige namba ile peke yako. Nenda kwa afisa wa wilaya wa watoto, yule tunayemwita probesheni, umweleze kila kitu pamoja na ulichomwambia mwenyekiti, kisha namba ipigwe na wanaojua kuthibitisha anayejibu. Waeleze pia kwamba unataka kuwalea. Gauni bado unalo?

MkulimaKisoro: Nililifua mara mbili kwa sabuni, wino ukatoka. Jana usiku nimemsikia mkubwa gizani akimfundisha mdogo wake tarakimu zile kumi, moja moja, na mdogo anazifuatisha bila kukosea. Jumatatu tutakwenda wilayani sote wanne.