Mkataba wa kutengana tumesaini sisi, nakala wamekalia mawakili!

Wakuu, leo mnivumilie, nina hasira.

Mimi na mama watoto tumetengana. Hatukuburuzana wala kutukanana. Tulikaa wenyewe tukakubaliana nani anabaki kwenye nyumba, watoto wanalala wapi siku zipi, ada analipa nani, mkopo unamaliziwa vipi. Ngoma nzito yote tuliicheza wenyewe. Ilibaki karatasi tu, na hiyo karatasi ndiyo inatutoa roho.

Siku ya kusaini tuliitwa ofisini kwa wakili wake, wangu naye akaja. Tukasaini, mashahidi wakasaini, mhuri ukagongwa. Mezani ilikuwepo seti moja tu. Nikauliza, yangu iko wapi? "Usijali kaka, tutakutolea nakala." Kwenye nafasi ya tarehe naona nukta tupu. Nikauliza tena. "Hiyo tutajaza sisi."

Hadi leo! Wakili wake anadai nakala halisi ilichukuliwa na wakili wangu. Wangu anaapa haijawahi kutoka kule. Karani naye ana majibu ya kukariri: bosi yuko mahakamani, faili liko kwa bosi. Bosi akirudi, faili limeshaenda masjala. Ila ankara ya malipo haijawahi kupotea hata siku moja, hiyo inafika kwa wakati.

Huku nje dunia haisubiri. Shule inataka kuona maandishi yanayosema nani anaruhusiwa kuchukua watoto. Benki haitaki hata kusikia habari ya ile akaunti ya pamoja bila nakala iliyothibitishwa. Siyo fotokopi ya kawaida, wanataka yenye mhuri wa mtu aliyeiona halisi kwa macho yake na kuandika kwamba hii inafanana nayo. Sasa ataionaje halisi ambayo hakuna anayekubali kuwa nayo?

Kibaya zaidi, tumeanza kugombana. Watu tulioelewana! Mimi nakumbuka likizo ndefu tunagawana nusu kwa nusu, yeye anakumbuka vingine, na hakuna mwenye karatasi ya kumwonyesha mwenzake. Kila mmoja anahisi mwenzie kaficha ya kwake.

Baada ya kelele nyingi nikatumiwa picha za kurasa kwenye simu. Nikazivuta nione vizuri. Kifungu cha mali kinasema "kama ilivyoorodheshwa kwenye Kiambatisho cha Pili". Kiambatisho chenyewe hakipo. Kurasa zote zina sahihi zetu fupi pembeni, isipokuwa huo wa mali: pembeni peupe kabisa. Na pale kwenye kona, kurasa nyingine zina matundu manne ya pini, huo una mawili. Simtuhumu mtu. Lakini pini ilifunguliwa na ukurasa ukaingia ambao sisi hatukuugusa.

Tarehe bado nukta. Matunzo yanaanza "mwezi unaofuata tarehe ya mkataba huu", tarehe gani sasa? Natoa hela ya watoto kila mwezi, lakini kesho akitokea mtu akajaza tarehe ya nyuma, naonekana nadaiwa.

Na asije mtu hapa na "ungeuliza mapema". Niliuliza pale pale, mbele ya mashahidi. Kuchapa seti nne, mbili za wenye ndoa na mbili za ofisi, kunachukua dakika ngapi? Zote zikisainiwa kwa wino, zote ni halisi, kila mtu anatoka na yake. Tarehe ijazwe watu wakiwa bado wamekaa, viambatisho vibanwe humo humo na visainiwe kama kurasa nyingine. Hii siyo hisani ya kumwomba wakili, ni mkataba wetu na tumeulipia.

Wanasheria mliomo humu, nisaidieni. Barua ya kudai nakala naiandikia ofisi iliyoandaa mkataba, au naenda moja kwa moja kwenye chombo kinachosimamia mawakili? Na ule ukurasa usio na sahihi tuusaini sasa, au tuuchane mkataba mzima tuanze upya? Mama watoto nimemtumia uzi huu, anausoma, kwa hiyo jibuni mkijua mnatujibu wote wawili.