Tangi linanuka mvua

Kikundi: NYUMBANI KWA BIBI

IJUMAA

13:12 Rehema: Wakubwa shikamooni, wengine hamjambo. Tangi la samaki sebuleni kwa Bibi linanuka. Nimepita asubuhi, hata viatu sijavua harufu imenipokea. Kesho saa 3 asubuhi tunakutana wote. Tunamwaga maji yote, tunasugua changarawe, chujio, mawe, kila kitu. Jiandikisheni:
1. Rehema
2.
3.

14:40 Rehema: Watu 19 mmesoma. Alama naziona.

14:52 Mjomba Idi: 👍

14:52 Rehema: Mjomba, hicho kidole ndiyo unakuja?

15:30 Pendo: 2. Hamisi

15:31 Hamisi: Mimi sijasema kitu

15:31 Pendo: Nimekusemea

15:33 Salim: Dada Rehema, linanuka vipi? Shombo, yai viza au udongo?

15:34 Rehema: Salim, kunuka ni kunuka.

15:36 Salim: Si kweli. Shombo la kuoza maana yake kuna samaki au konokono kafia nyuma ya mawe, au chakula kimelundikana. Yai viza ni gesi inayotoka chini ya changarawe ambako hewa haifiki, na hiyo ni ya kuiogopa. Udongo ni habari nyingine kabisa. Tatu, upo nyumbani? Inamisha pua utuambie.

15:41 Tatu: nipo subirini

15:44 Tatu: Kama mvua ya kwanza ikipiga vumbi. Au ndani ya mtungi wa zamani. Mbona siyo mbaya jamani

15:45 Hamisi: Basi halinuki, LINANUKIA. Rehema funga mjadala

15:45 Rehema: Hamisi wewe ni namba 2 kwenye orodha.

15:52 Salim: Hiyo inaitwa geosmini, neno la Kigiriki, maana yake harufu ya ardhi. Ndiyo hiyohiyo tunayoisikia mvua ikinyesha, na ndiyo inayompa samaki wa bwawani ladha ya matope. Inatengenezwa na bakteria wa jamii ya wale wa udongoni. Wanakaa kwenye sponji la chujio na kwenye uchafu uliotuama kati ya changarawe. Pua ya mtu inaidaka hata ikiwa nanogramu 10 tu kwenye lita ya maji. Tangi la Bibi ni lita 60, fanyeni hesabu: nanogramu 600. Chembe hiyo hata ukiwekewa kiganjani huioni. Kwa kiasi hicho haimdhuru samaki wala mtu.

15:53 Rehema: Ahsante mwalimu. Kesho saa 3.

15:55 Salim: Dada, ukimwaga yote na kusugua kila kitu, unawatoa pia bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Amonia inapanda, samaki wanafia kwenye maji meupe yanayong'aa. Kuwajenga upya hao bakteria ni wiki 4 mpaka 6. Na haya tunayajua.

15:55 Rehema: "Tunayajua" unamaanisha nini?

15:56 Shangazi Zuhura: Salim.

15:56 Hamisi: Marehemu samaki wetu Bosi 🕊️🐠

15:58 Rehema: Nilijua tu. Miaka mitatu! Niliambiwa safisha chujio, nikasafisha. Bombani, kama mtu yeyote. Nani aliniambia kwamba klorini ya bomba inaua hao bakteria wenu? Hakuna.

15:59 Tatu: na ile sabuni

15:59 Rehema: SIKUTIA SABUNI. Beseni lilikuwa na sabuni tangu kwa mtu mwingine, na mtu huyo yumo humu na amenyamaza kimya.

16:03 Mjomba Idi: 👍

16:03 Pendo: 😂😂😂 nimekufa

16:04 Rehema: Chekeni tu.

16:20 Tatu: [picha]

16:21 Tatu: Nimeangalia nyuma ya gogo. Kuna utando wa kijani cha kuelekea bluu, nimeushika ukingoni ukabanduka wote kwa mara moja kama utando wa maziwa. Unateleza kama kamasi. Vidole sasa vinanuka ule udongo wenyewe, ila wa nguvu

16:22 Hamisi: Tatu unanusa kazi ya watu

16:25 Salim: Mwizi kapatikana. Watu huuita mwani lakini si mwani, ni sayanobakteria, na huo nao unatoa geosmini. Nawa mikono vizuri Tatu, jamii hiyo wengine wana sumu. Unapenda mwanga mwingi, uchafu mwingi na maji yasiyotembea. Taa ya tangi inawaka saa ngapi kwa siku?

16:27 Tatu: Mchana na usiku. Mnajua sababu.

16:48 Salim: Sawa. Na chakula?

16:49 Tatu: Kila anayekuja kumjulia Bibi hali anawatupia. Juzi Mjomba kawapa mkate

16:50 Mjomba Idi: Walikuwa wananitazama.

16:50 Hamisi: Kumbe Mjomba anajua kuandika!!

16:58 Salim: Chakula kiwe kile wanachokimaliza ndani ya dakika 2, mara moja kwa siku, na mtoaji awe Tatu peke yake. Kesho tubandue utando wote kwa mkono, tunyonye uchafu wa chini kwa mpira, maji yatoke robo tu. Yanayoingia yatiwe kwanza dawa ya kuondoa klorini. Sponji likamuliwe ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe, basi, lisione bomba. Mkaa wa chujio tuweke mpya, huo unanyonya harufu lakini baada ya mwezi hivi unachoka. Halafu tangi lifunikwe blanketi gubigubi siku 3, pampu ya hewa ikiendelea. Utando ukikosa mwanga unanyong'onyea.

17:00 Hamisi: Nifunikeni na mimi siku 3

17:00 Pendo: Na usile kama wao?

17:01 Hamisi: Nimeghairi

17:02 Rehema: Kwa hiyo taa inazimwa.

17:02 Rehema: Nauliza. Inazimwa au haizimwi? Nipange.

18:37 Bibi: 🎤 0:48

18:45 Tatu: Kwa walio kazini, Bibi anasema hivi, nimeandika neno kwa neno: "Nimewasikia, Tatu kanisomea yote. Tangi hilo halimwagwi. Babu yenu alipoliweka hapo alisema likinuka mto ujue liko hai. Na taa hiyo aliiwasha kwa mkono wake, jioni ile aliyotoka. Mmepanga mpaka blanketi. Hakuna aliyeniuliza."

19:20 Hamisi: (ujumbe huu umefutwa)

20:11 Salim: Shikamoo Bibi. Nimekosa, naomba radhi.

20:14 Rehema: Shikamoo Bibi. Hatumwagi. Ni robo tu, kama alivyosema Salim.

20:30 Bibi: 🎤 0:06

20:31 Tatu: "Marahaba. Robo si kumwaga. Robo njooni."

20:33 Rehema: Na taa?

20:34 Shangazi Zuhura: Rehema. Taa nitaongea naye mimi, na si humu.

20:36 Salim: Shangazi, hata ikipunguzwa tu ikawa saa 8 kwa siku itasaidia. Blanketi tunaweza kuacha kwanza.

20:36 Shangazi Zuhura: Nimesema si humu.

20:50 Rehema: Haya. Mpira wa kunyonyea nani anao? Ule wa zamani uko kwa nani?

21:15 Rehema: Mpira jamani.

JUMAMOSI

08:51 Rehema: Niko mlangoni. Mpira sijaupata. Ndoo nani analeta? Ziwe hazijawahi kuingia sabuni, nisije nikasingiziwa tena.

08:52 Mjomba Idi: 👍

08:52 Rehema: Mjomba, hiyo ndiyo una ndoo?

09:10 Pendo: Hamisi yuko njiani

09:10 Hamisi: Niko njiani (bado kitandani)

09:14 Binamu Jafari: Habari za humu, ndiyo kwanza nafungua simu. Tangi gani?

09:20 Tatu: Dada Rehema ameingia. Bibi kaweka kiti mbele ya tangi, kakaa, fimbo mapajani. Anasema sponji lisiguswe mpaka Salim afike. Taa inawaka

09:21 Rehema: Salim uko wapi?

09:34 Rehema: Salim?