Throtoli zinazojisogeza zenyewe: nibadilishe sensa au nifunge servo?

Rubani wa Nyali: Ndugu zangu, hamjambo. Vishikio vya throtoli, yaani vya kuongeza na kupunguza nguvu za injini, katika chumba cha rubani cha simuleta (cha kuiga urukaji wa ndege) nilichojenga nyumbani, husogezwa na mota, na sasa vimeanza kutetemeka kila ninapowasha otothrotoli, mfumo unaopanga nguvu za injini wenyewe. Nafikiria ama kubaki na mota hizi na kubadilisha sensa zinazopima nafasi ya vishikio, ama kuziondoa na kufunga servo (mota zenye giya na sensa ndani yake), ambazo naambiwa ni rahisi kuunganisha. Naomba ushauri kabla sijanunua chochote.

Fundi Tudor: Ndugu, maelezo hayo hayatoshi. Hujataja ndege unayoiga, volti za mota, aina ya sensa, wala mota zinapata umeme wapi. Ikiwa unaiga Airbus A320, hakuna haja ya mota hata moja, kwa sababu vishikio vyake hukaa kwenye kituo cha CL (cha kupanda) huku kompyuta ikipanga nguvu za injini bila kuvisogeza.

Rubani wa Nyali: Ni Boeing 737-800. Mota ni za volti 12, sensa ni potenshiomita (kikinza kinachobadilika kikizungushwa), na mota zinaongozwa na Arduino Uno, kompyuta ndogo ya kudhibiti vifaa, kupitia saketi ya L298N inayoendesha mota.

Binti Likoni: Kaka, nakusihi usifunge servo. Mimi nilinunua seti ya servo iliyokuwa tayari kufungwa, na muuzaji akanihakikishia kwamba ingestahimili kazi hiyo. Kwa muda ilifanya kazi vizuri, ingawa ilikuwa na kelele. Siku moja, nikiwa nakaribia kutua, nilishika vishikio ili nipunguze nguvu kwa mkono wakati otothrotoli bado inavisukuma mbele, na meno ya giya yakasagika papo hapo, kwa kuwa hapakuwa na klachi ya kuteleza, yaani kiungo kinachoachia nguvu ikizidi, kati ya mota na kishikio. Muuzaji alikataa kuirudisha, akidai kwamba nimeilazimisha. Lakini katika 737 halisi rubani anaweza kuishinda otothrotoli kwa mkono, na klachi ipo kwa ajili hiyo! Kifaa kisichokubali mkono wa rubani hakifai kuitwa throtoli.

Mzee Mikindani: Naafikiana na binti yangu kuhusu klachi. Hata hivyo, ubaya nauona kwenye potenshiomita. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, na njia ya ndani ya potenshiomita huchakaa na kuchafuka, ikatoa namba zinazorukaruka. Weka sensa ya sumaku, ambayo haina sehemu zinazosuguana.

Fundi Tudor: Mzee wangu, kwa heshima, tusiilaumu bahari kabla ya kupima. Sensa ya sumaku nayo hupotoshwa ikiwekwa karibu na mota. Chomoa waya za mota, sogeza kishikio polepole kwa mkono, kisha tazama namba za Arduino, ambazo huenda kutoka 0 hadi 1023. Zikiruka hata mota zikiwa zimechomolewa, potenshiomita ndiyo mbovu. Zikiruka pale tu mota zinapozunguka, huo ni mvurugo wa umeme: weka kapasita ya nanofaradi 100 kwenye ncha za kila mota, na tenganisha waya za sensa na zile za mota. Hakikisha pia kwamba programu ya simuleta haisomi nafasi ya kishikio wakati otothrotoli imewashwa, la sivyo amri na jibu vitafukuzana bila kikomo.

Kijana wa Bamburi: Haya yote yanathibitisha kwamba mpangilio wa Airbus ni bora. Kisichosogea hakiharibiki.

Binti Likoni: Sikubaliani nawe hata kidogo. Kishikio kinaposogea, rubani anaona na kuhisi kwa mkono kile ambacho injini zimeamriwa kufanya, bila kulazimika kutazama geji za injini. Faida hiyo inastahili gharama ya mota.

Fundi Tudor: Turudi kwenye tatizo. Vishikio vyote viwili hutetemeka, au kimoja?

Rubani wa Nyali: Cha kushoto peke yake, hasa kikiwa karibu na katikati ya mwendo wake.

Mzee Mikindani: Potenshiomita hiyo! Hapo katikati ndipo inapotumika zaidi.

Fundi Tudor: Huenda, lakini usinunue bado. Badilishanisha potenshiomita ya kushoto na ya kulia, kisha utueleze kama mtetemo umehamia upande wa pili au umebaki palepale.