Kwa nini mtu mwadilifu hunyamaza akiwa ndani ya kundi?

Mdadisi: Wadau, naomba ufafanuzi. Mtu ukikaa naye faragha anakiri kabisa kwamba jambo fulani si haki. Muingize kwenye kamati, ananyoosha mkono kuliunga. Dhamiri inakwenda wapi?

Mizani: Haiendi popote, mkuu, inazidiwa na hofu ya kubaki peke yake. Miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha watu mstari mmoja, kisha mitatu, wataje upi unalingana nao. Jibu lilikuwa wazi hata kwa mtoto. Ila chumbani mtahiniwa halisi alikuwa mmoja tu; waliobaki walishapangwa, na katika raundi 12 kati ya 18 walitaja kwa sauti jibu la uongo. Zaidi ya theluthi moja ya majibu ya watahiniwa katika raundi hizo yalifuata kundi. Alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema kweli, makosa yalishuka hadi kama robo ya yale ya awali. Ndiyo maana kumzomea mpinzani wa kwanza ni kosa kubwa: mnawaziba mdomo na wote waliokuwa wanamsubiri.

Dira: Mbali na hofu kuna kutegeana. Mwaka 1968 wanasaikolojia Darley na Latané walichapisha jaribio: waliwasikilizisha watu, kila mmoja chumbani kwake, sauti iliyorekodiwa ya kuigiza, wakaamini ni mwenzao anapatwa na kifafa. Walioamini wanasikia peke yao, 85% waliomba msaada kabla sauti haijakatika. Walioamini wapo wengine wanne, 31%. Na wasiotoka hawakuwa na roho ngumu. Wengi walikutwa wanatetemeka mikono, viganja vimelowa jasho. Kwa hiyo penye ajali usipige kelele "jamani, saidieni!" Mnyooshee mmoja kidole: "Wewe mwenye shati la bluu, piga simu."

Mdadisi: Asanteni. Na kwenye kamati tufanyeje?

Mizani: Kila mjumbe aandike msimamo wake na sababu moja kabla mjadala haujaanza, karatasi zisiwe na majina, katibu azisome zote. Mwenyekiti azungumze mwisho. Wengi wanaharibu hapa: mwenyekiti "anatoa mwongozo mfupi", ndipo karatasi zinagawiwa. Hapo mnakusanya mwangwi wake.

Dira: Msiridhike pia na kumteua mtu "apinge kwa niaba". Wote wanajua anaigiza, hoja zake hazimkoseshi mtu usingizi. Mtafuteni anayepinga kwa dhati, mpeni nafasi amalize bila kukatizwa.