Wanawake wa Iran na kipimo cha saratani ya matiti: je, kikwazo ni haya (kuona aibu) peke yake?

Mwanafunzi wa uuguzi:
Naandaa mada ya darasani kuhusu Iran, ambako saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine, na wagonjwa hugunduliwa wakiwa wadogo kwa takriban miaka 10 kuliko wa Ulaya Magharibi. Karibu kila ninachosoma kinasema hawaendi kupima kwa sababu ya haya. Je, hakuna sababu nyingine?

Mkunga mstaafu:
Mwanangu, haya ipo, na hata neno lenyewe Waajemi hulitamka karibu kama sisi, lakini dawa yake inajulikana: mpimaji awe mwanamke. Kigumu zaidi ni hofu. Mwanamke asiyeumwa hujiuliza anakwenda kutafuta nini, ilhali uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni, na aliyeshuhudia shangazi yake akikatwa titi huona afadhali asijue. Ajabu ni kwamba kwa mwingine msiba huohuo wa ukoo ndio unaompeleka kupima mapema.

Msomaji wa sera za afya:
Naongeza gharama, ambayo watafiti wanaopenda kuzungumzia utamaduni huipitia juujuu. Mashine za mamografia (picha ya eksirei ya matiti) ziko zaidi mijini, bima (neno tunaloshiriki na Waajemi) haimfutii kila mtu gharama zote, na tangu Marekani irudishe vikwazo vya kiuchumi mwaka 2018 maisha yamepanda bei, kwa hiyo kipimo cha mtu asiyejiona mgonjwa ndicho kinachoahirishwa kwanza. Kinachovuta wengi ni kauli ya mhudumu wa afya. Vijijini Iran ina nyumba za afya zenye wahudumu waitwao *behvarz*, ambao kwa kawaida ni wenyeji wa eneo hilohilo. Mwanamke akiambiwa na jirani anayemwamini, tena mumewe akikubali kumsindikiza, safari ya mjini huwa nyepesi. Daktari asipotamka neno, wengi hudhani hawahusiki.

Mwanafunzi wa uuguzi:
Ahsanteni sana. Basi kwa nini wasifundishwe tu kujipapasa matiti nyumbani, maana hakuna gharama wala aibu?

Mkunga mstaafu:
Hufundishwa, na ni vema mwanamke aujue mwili wake. Hata hivyo, utafiti mkubwa wa Shanghai uliohusisha wanawake zaidi ya 260,000, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2002, haukuona vifo vikipungua kwa waliofundishwa kujipapasa. Akigusa kitu asichokielewa, bado atahitaji mahali pa kwenda na nauli ya kumfikisha.