Naomba ushauri: nichaji kituo cha kwanza au cha pili?

Habari zenu wakuu. Nina safari ya kilomita 480 kwa gari la umeme lenye betri ya kWh 60 (yaani uniti 60 za umeme). Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa linakula kWh 18 kila kilomita 100. Chaja za haraka ziko kilomita ya 190 na ya 300 tu.

Nikipita ya kwanza, nafika ya pili na asilimia 10, na pale kuna plagi moja, ikigoma, nimekwama. Nikitegemea ya kwanza pekee, lazima nivuke asilimia 80, na kuanzia hapo chaji huingia polepole mno. Programu ya ramani inang'ang'ania ya pili.

Je, niongeze asilimia 30 kwenye kituo cha kwanza, ili plagi ikigoma niweze kurudi? Na kwenye milima mnaacha akiba ya asilimia ngapi?