Naomba ushauri: mfumo wa mafuta wa KE70 niliyoiwekea 4A-GE

Wakuu, salaam. Corolla KE70 nimeitoa injini ya kabureta, nimeweka 4A-GE, injini ya Toyota inayopuliziwa mafuta kwa nozeli badala ya kabureta. Injini na gia boksi vimeshakaa vizuri. Kilichobaki ni mafuta, na hapa sitaki kubahatisha, petroli ikivuja karibu na ekzosi ni balaa.

Pampu ya kabureta hutoa presha ndogo, chini ya baa 0.5, wakati nozeli zinataka karibu baa 3. Kwa hiyo pampu ya umeme, mipira ya presha kubwa na bomba la kurudishia mafuta havina mjadala. Shida ni tangi. Ndani halina vizuizi (vibati vya kuzuia mafuta yasiyumbe), na kwenye kona kali mafuta yakikimbilia upande mmoja pampu itavuta hewa, injini inakosa mafuta ikiwa kwenye mzigo.

Je, nilifungue tangi nichomelee vizuizi na kuweka pampu ndani, au nifunge kitangi cha lita 2 kwenye buti, kilishwe na pampu ya presha ndogo, na pampu ya presha kubwa ivute humo? Hili la pili naliona jepesi, ila mvuke wa petroli kwenye buti unanitia hofu. Na bomba la zamani la kupelekea mafuta, linafaa kugeuzwa la kurudishia? Aliyewahi kufanya, tafadhali anieleze alivyopitisha.